Kiraka Kisifichwe

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Chumba cha ndani walilala watu wanne. Chumba cha nje kilikuwa cha cherehani, na watu wengine walipita humo kwa ruhusa yake. Ukitaka kwenda jikoni, ulipinda kiuno, ukainua mguu, ukaliomba radhi rundo la majaketi.

Mwenye cherehani alikuwa mama wa watoto wawili. Mtaa mzima ulimwita Mama Kiraka. Hawakumpa jina hilo kwa kejeli. Alikuwa fundi wa kuziba nguo. Mpelekee shati lililoungua kwa pasi, mpelekee suruali iliyoraruliwa na waya wa uzio, atakuzibia. Ukirudi kuichukua, utapatafuta pale palipochanika mpaka macho yakuwashe, na hutapaona.

"Kiraka kinachoonekana ni aibu ya fundi." Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na hakuwahi kulitilia shaka neno hilo.

Mumewe alikuwa mlinzi wa ghala. Zamani alilinda siku sita kwa wiki. Kisha mwenye ghala akafunga kamera. Akasema kamera hailali, haili, wala haiombi ruhusa ya kwenda msibani. Mlinzi akabakiwa na siku tatu. Siku nyingine alikaa mlangoni kwake, mikono kifuani, kama vile bado yuko zamu.

Hapo ndipo Mama Kiraka alipoanza kuuza majaketi ya watoto kwenye soko la mtandaoni. Soko hilo halina meza wala mwavuli. Limo ndani ya simu. Unafungua duka lako humo, unaweka picha ya kitu na bei yake, na mtu wa mbali anakiona na kukilipia. Fedha hazikujii moja kwa moja. Zinakaa kwanza sokoni. Mteja akishapokea mzigo wake na kuridhika, ndipo soko linakupa chako.

Kila Jumatatu alikwenda kwa wauza marobota ya mitumba. Robota likifunguliwa, wanunuzi wengine waligombania majaketi mazuri ya juu. Yeye alisubiri vumbi litulie. Kisha akaokota yaliyotupwa pembeni: lenye kiwiko kilichotoboka, lenye mfuko uliong'oka, lenye zipu kama mdomo wa kibogoyo. Aliyapata kwa bei ya kutupa. Akayafua, akayaziba, akayapiga pasi, akayapiga picha, akayaweka dukani. Chini ya kila picha aliandika: "Safi. Halina kasoro."

"Kwa wiki nayaweza sita," alimwambia mumewe. "Sitaki ishirini. Ishirini nitalipua kazi. Sita wiki hii, sita wiki ijayo, basi mwezi ukiisha tunajua tutakula nini."

Miezi miwili mambo yalikwenda vizuri. Kodi ya nyumba ililipwa bila mwenye nyumba kugonga mlango. Fedha ya kununulia majaketi mengine aliiweka kando, na hakuigusa hata watoto waliponuna.

Alhamisi moja, akiwa anapiga pasi, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa mteja. Mteja alikuwa ameligeuza jaketi ndani nje na kupiga picha ya kiraka. Chini ya picha aliandika: "Uliniambia halina kasoro. Nimelifua mara moja tu, nikakuta tundu limezibwa. Wewe ni tapeli." Kati ya nyota tano alimpa moja.

Mama Kiraka alisoma polepole, kidole kikifuata kila neno. Alikuwa na elimu ya msingi tu. Lakini neno "tapeli" halihitaji chuo kikuu.

"Tapeli? Mimi?" alifoka. "Jaketi hilo limenitoboa vidole vitatu!"

"Mjibu basi," mumewe alisema kutoka mlangoni.

"Namjibu! Tena namjibu sasa hivi."

Akamjibu. Aliandika: "Kama kiraka hukukiona siku ya kwanza, kinakuuma nini siku ya pili?"

Hapo, wewe unayesoma, ndipo wengi tunapojichongea. Kidole kikiwa na hasira hakiandiki, kinachoma. Watu wengine waliyasoma maneno hayo. Mmoja wao alikuwa amenunua jaketi kwake wiki iliyopita. Akaenda kuligeuza ndani nje. Naye akakuta kiraka. Naye akalalamika.

Ijumaa asubuhi soko lenyewe likamwandikia: "Duka lako lina malalamiko mawili mwezi huu. Likipata la tatu, litafungwa."

Mchana wa siku hiyo akaja wifi yake, dada wa mumewe. Alikuwa msusi, mwenye saluni yake barabara ya pili. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sega lake. Alikuwa ameshasikia, maana saluni husikia kabla ya redio.

"Wifi, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema kabla hata ya kuketi. "Chako kimejitembeza mpaka kimekamatwa."

"Karibu, wifi. Kaa, lakini usikalie majaketi."

"Nikae wapi sasa? Hii ni nyumba au ni robota?" Akasukuma rundo kwa mguu. "Sikiliza. Mimi nakupenda, ndiyo maana nakusema. Biashara ya simu ni ya watoto wa chuo. Wewe utaanguka nayo. Uza hiyo cherehani. Nina mtu anaitafuta. Njoo saluni uoshe nywele za wateja, mwisho wa mwezi nakupa mshahara. Maji ya moto yapo, redio ipo, umbea upo. Unataka nini tena?"

"Nataka cherehani yangu."

"Kaka, msikie mkeo!"

Mumewe alijikuna shingo. Alimpenda mkewe, lakini alimwogopa dada yake tangu utotoni. "Tufanye hivi," alisema. "Duka likipona, vizuri. Duka likifungwa, cherehani inauzwa. Hatuwezi kukaa na chuma kisichotulisha."

"Haiuzwi," alisema Mama Kiraka.

"Nani kasema?"

"Mwenye mguu unaoikanyaga."

Wifi akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya. Lalamiko moja tu limebaki. Nitakuwekea ndoo yako ya maji tayari."

Jumamosi asubuhi Mama Kiraka alikwenda kwenye ofisi ya vifurushi. Huko ndiko alikopeleka majaketi yake kila wiki ili yasafirishwe. Nyuma ya kaunta alikuwa karani, mwanamke kijana aliyepanga chumba mlango wa tatu kutoka kwake. Miaka saba alikuwa akipima, akibandika na kupokea mizigo ya watu. Mtaani alijulikana kwa jina la Karani tu.

"Shikamoo, Mama Kiraka. Leo mikono mitupu?"

"Marahaba, mdogo wangu. Leo nimeleta kichwa, na kinaniuma."

Akamweleza yote. Karani alisikiliza huku akibandika karatasi kwenye maboksi. Alipomaliza, akamwita nyuma ya kaunta na kumwonyesha rafu ndefu ya chuma.

"Hii ni rafu ya mizigo iliyorudi," alisema. "Mimi wauzaji siwajui kwa sura. Nawajua kwa vinavyorudi. Huyu hapa anauza viatu. Anachukua picha za viatu vya watu wengine mtandaoni, anaziweka kama vyake. Mteja akifungua boksi, anakutana na kiatu kingine. Kinarudi. Huyu ni wa vyombo. Vyombo vyake ni vizuri, lakini anavifunga kwa gazeti moja. Vinafika vipande. Vinarudi."

"Na mimi je?"

"Bado hujaingia rafuni. Lakini uko mlangoni." Karani akatabasamu. "Kuna mzee mmoja anauza saa kuukuu za ukutani. Unajua anaandika nini? 'Saa hii inachelewa dakika mbili kwa siku. Kioo kina mkwaruzo upande wa kushoto.' Miaka saba, mama, saa yake hata moja haijarudi. Watu wanazigombania."

"Saa inayochelewa?"

"Inayochelewa! Kwa sababu wanajua inachelewa kiasi gani."

Mama Kiraka akakunja uso. "Lakini mimi kazi yangu ni kuficha. Fundi anayeacha kiraka kionekane ni fundi gani?"

"Subiri. Mtu akikuletea shati lake lenye tundu, nani anajua tundu lilikuwa wapi?"

"Yeye mwenyewe. Ndiye aliyeleta."

"Ndiyo maana akilikosa anafurahi. Sasa huyu wa mtandaoni hajui kama kulikuwa na tundu. Siku akilikuta mwenyewe, hasemi 'fundi hodari'. Anasema, 'Huyu amenificha hili. Na mengine je?' Kwa fundi, kiraka kinachoonekana ni aibu. Sawa. Kwa muuzaji, aibu ni kiraka kisichosemwa."

Maneno yale yalimwingia Mama Kiraka kama sindano, kidogo kidogo, kisha yote.

"Kwa hiyo yule aliyeniita tapeli alikuwa na haki?"

"Tapeli si wewe. Lakini ulichokiandika hakikuwa kweli." Karani akapunguza sauti. "Niambie, una mangapi yaliyo njiani?"

"Manne. Nimeyaleta hapa juzi."

"Yana viraka?"

"Yote."

"Na uliandika hayana kasoro?"

Mama Kiraka alitazama sakafu. "Yasimamishe basi!"

"Gari liliondoka jana. Yatafika Jumatatu."

Alirudi nyumbani kwa miguu ya haraka. Alimkuta mumewe mlangoni, akamweleza. Mumewe alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kuwasikia.

"Mke wangu, funika kombe mwanaharamu apite. Wewe unaziba vizuri. Labda wote wanne hawataona."

"Hawataona, ndiyo! Si nimeshona mimi? Hiyo ndiyo shida yenyewe."

"Ukiwaambia, mmoja akikasirika, duka limekwenda. Na cherehani nayo."

"Na nisipowaambia, kila simu ikilia nitaruka kama mwizi. Leo watu wanne, kesho sita, keshokutwa sita. Nitaishije? Mimi nataka kipato cha kila wiki, sitaki hofu ya kila wiki."

"Dada atacheka."

"Acheke. Meno ni yake."

Akakaa mbele ya cherehani, akashika simu. Hakumpa mtu mwingine amwandikie. Kila herufi aliitafuta mwenyewe. Kwanza aliwaandikia wale wawili waliolalamika. Aliwaomba radhi, akamwomba wa kwanza radhi mara mbili kwa sababu ya jibu lake la hasira. Aliwaahidi kuwarudishia fedha kupitia soko. Kisha akawaandikia wale wanne, kila mmoja kwa jaketi lake. Mmoja aliandikiwa hivi:

"Habari, mteja. Mimi ndiye niliyekuuzia jaketi la bluu. Liko njiani, litafika Jumatatu. Niliandika halina kasoro. Si kweli. Kiwiko cha kulia kilikuwa na tundu la ukubwa wa kifuniko cha chupa. Nimekiziba na ni imara, lakini nilipaswa kukwambia kabla hujalipa. Ukitaka lirudishe. Usafiri ni juu yangu na fedha zako utapewa zote."

Alibonyeza kutuma mara sita.

Wa kwanza alijibu siku hiyo hiyo: "Asante kwa kuniambia. Mwanangu atatoboa kiwiko kingine kabla ya mwezi kwisha. Nalichukua." Wa pili alitaka kurudisha. Mama Kiraka akakubali bila ubishi, akalipa usafiri, na gharama ile ikamuuma. Wa tatu hakusema neno. Kati ya wale waliolalamika, mmoja alishukuru. Yule wa "tapeli" hakujibu, na nyota yake moja ikabaki pale pale.

Wa nne alikasirika. Jaketi lilipomfikia Jumanne, likiwa limechelewa siku moja, hakumwandikia Mama Kiraka. Aliliandikia soko: "Sinunui nguo ya kuzibwa."

Lalamiko la tatu.

Mchana ule alipofungua simu, picha zote za majaketi zilikuwa zimetoweka. Paliandikwa: "Duka limesimamishwa. Una siku tatu za kujieleza."

Mama Kiraka aliketi juu ya rundo lile lile alilomkataza wifi yake kukalia.

Saa moja haijapita, ujumbe mwingine ukaingia, safari hii kutoka namba asiyoijua. "Sisi ni wahudumu wa soko. Duka lako tunaweza kulifungua leo leo na kufuta nyota mbaya zote. Tutumie namba ya siri itakayokuja kwenye simu yako sasa hivi."

Na kweli, namba ya siri ikaja. Tarakimu sita. Kidole chake kikaanza kuinakili. Kufungua leo! Kufuta yote! Nani asingetaka? Lakini akaona jambo. Ujumbe wa soko siku zote ulikuja ndani ya duka lake. Huu ulikuja nje, kwa namba ya mtu. Akachukua simu, akakimbia mpaka ofisi ya vifurushi.

Karani aliutazama mara moja tu. "Umeituma?"

"Bado."

"Mungu mkubwa. Soko limeituma kwa sababu mtu anajaribu kuingia kwako; hiyo namba ni ufunguo wa duka lako, mama. Ukimpa, anaingia, anabadilisha kitasa, anakaa humo na kuwauzia watu hewa kwa jina lako. Soko halimwombi mtu namba ya siri. Halijawahi. Hata mimi nikikuomba, ninyime."

"Wamejuaje nimefungiwa?"

"Hawajui. Wanawatumia watu elfu. Mmoja akiwa na shida siku hiyo, ananasa."

Mama Kiraka akaandika jibu palepale kauntani. "Namba unayoitaka ninayo. Njoo uichukue, nimekaa na mkasi." Karani akamzuia asilitume. "Usijibizane nao, futa tu!" Lakini alicheka mpaka akafuta machozi, na wateja kwenye foleni wakauliza kuna nini.

Kisha akamfundisha kujieleza. "Usilie wala usigombane na soko. Wape kilichotokea kwa mpangilio. Wewe ulimwandikia mteja siku gani?"

"Jumamosi."

"Mzigo ulifika lini?"

"Kwake ulifika Jumanne."

"Basi umemwambia kabla hajaufungua. Ujumbe umo humo humo dukani, tarehe ipo, saa ipo. Ndiyo sababu nakwambia kila siku, ongea na wateja ndani ya soko. Mtu akikwambia 'tuzungumze pembeni, nilipie pembeni', mkatalie. Pembeni hakuna shahidi."

Mama Kiraka akajieleza kwa mistari saba. Alikiri kosa la kuandika "halina kasoro". Akaeleza alivyowaandikia wateja. Mwisho akaongeza mstari ambao Karani hakumfundisha: "Mkilifunga duka nitajua ni kwa kosa langu. Lakini kazi yangu siachi."

Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Siku ya tatu wifi akaja, na hakuja peke yake. Alikuja na mnunuzi wa cherehani, mwanamume mnene mwenye mkokoteni mlangoni.

Mama Kiraka alikuwa anashona. Hakuinuka.

"Wifi, usinichukie," alisema msusi. "Duka limefungwa, tulikubaliana."

"Mlikubaliana. Mimi nilikuwa nashona."

Mnunuzi aliizunguka cherehani kama anayenunua ng'ombe. Akaigusa kichwa. Akainama kutazama gurudumu. "Mama, simama kidogo nione linavyozunguka."

"Linazunguka. Huoni?"

"Nataka nilizungushe mwenyewe."

"Hapo mguu wangu hautoki."

"Wewe mwanamke!" wifi alipaza sauti. "Duka huna! Wateja huna! Unamshonea nani?"

"Namshonea mtoto nisiyemjua. Wakilifungua duka, nitauza humo. Wasipolifungua, nitapiga magoti kwa mwenye soko jingine, nianze na mteja mmoja, na mstari wa kwanza nitaandika kiraka kiko wapi. Ndoo yako ya maji mpe mwingine, wifi. Siji."

Mkanyagio ukaendelea: taka-taka-taka-taka. Mnunuzi akamtazama mume wa Mama Kiraka. "Bwana, inauzwa au haiuzwi?"

Mlinzi alisimama. Alimtazama mkewe, akaona kidole chake cha shahada kimefungwa kitambaa, na bado kinasukuma nguo chini ya sindano. Akaenda mlangoni, akasimama katikati, mikono kifuani.

"Dada," alisema, "leo niko zamu. Hakitoki kitu humu."

Msusi alijifunga khanga vizuri, akatoka nje. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wazaliwe kumtii kaka yake. Mnunuzi akageuza mkokoteni wake, akaondoka akinung'unika kuhusu watu wanaochezea muda wa wenzao.

Jibu la soko lilikuja jioni ya siku ile, chakula kikiwa bado mezani. Mama Kiraka alilisoma kwa sauti, neno kwa neno, na watoto wakaacha kutafuna. "Muuzaji alimwarifu mteja kabla ya mzigo kufika, na alijitolea kurudisha fedha. Lalamiko la tatu halihesabiwi. Duka linafunguliwa. Malalamiko mawili ya kwanza yanabaki, na duka litaangaliwa kwa miezi mitatu."

"Tumeshinda?" mumewe aliuliza.

"Tumepewa nafasi. Kushinda bado."

Kesho yake alianza upya. Alinunua uzi mwekundu, mwekundu wa kuwaka. Kila palipokuwa na tundu alipaziba kwa uzi huo, kwa mishono mizuri iliyonyooka, ili hata mtu wa mbali aone. Alipiga picha asubuhi, karibu na dirisha, mwanga ukiwa wa jua na si wa taa. Picha ya kwanza ilikuwa ya jaketi zima, ya pili ya tundu kabla hajaliziba, ya tatu ya kiraka. Aliacha kuandika "la miaka sita", maana watoto wa miaka sita hawalingani. Alichukua futi ya kupimia nguo, akaandika upana wa kifua na urefu wa mkono. Kila mzigo aliufunga kwa mfuko wa nailoni ndani ya karatasi nene, mvua inyeshe isinyeshe.

Wiki ya kwanza hakuuza hata moja. Wifi alipita dirishani, akasema, "Nani atanunua tundu lililopigwa picha?" Mama Kiraka aliendelea kushona. Wiki ya pili yaliuzwa mawili. Wiki ya nne manne. Mteja mmoja aliandika: "Jaketi ni lile lile la kwenye picha, kiraka ni kile kile." Akampa nyota tano. Mama Kiraka aliyasoma maneno hayo mara tatu.

Miezi mitatu ilipokwisha, soko likaacha kumwangalia. Yalikuwa yakitoka majaketi sita kila wiki, kama alivyotaka tangu mwanzo. Wateja walimwomba aongeze, akakataa. Hata moja la uzi mwekundu halikuingia kwenye rafu ya chuma ya Karani. Siku tatu ambazo mlinzi hakuwa ghalani, yeye ndiye alifua na kufunga mizigo. Ukipita utamkuta amekalia kigoda, sabuni mpaka kwenye viwiko, anapiga mluzi.

Basi siku moja ikasimama gari mlangoni. Akashuka mwanamume aliyevaa vizuri, mwenye duka la nguo za watoto katikati ya mji. Alikuwa amebeba robota la majaketi yaliyochanika.

"Wewe ndiye Mama Kiraka? Nasikia zamani ulikuwa unaziba tundu, hata mwenye nguo halioni tena."

"Bado naweza."

"Nataka unizibie haya. Nayatundika dukani kama mapya. Kila wiki nakuletea robota, kila wiki nakulipa, mara mbili ya unachopata kwenye simu. Huna haja ya picha, huna haja ya wateja wasumbufu. Unasemaje?"

Mumewe aliinua kichwa kutoka kwenye beseni. Mara mbili! Hata Mama Kiraka aliondoa mguu kwenye mkanyagio. Aliligusa robota, akachomoa jaketi moja, akalitazama kiwiko. Kitambaa kilikuwa kizuri.

"Nitakushonea, bwana," alisema.

Mwanamume akatabasamu. "Nilijua."

"Lakini uzi nachagua mimi."

Tabasamu likasimama njiani. Mwanamume akautazama uzi uliokuwa juu ya cherehani, mwekundu kama pilipili iliyoiva. Akamtazama fundi. Akaliinua robota lake, akalirudisha garini bila kuaga.

Mama Kiraka alipitisha uzi kwenye tundu la sindano. Kati ya sita ya wiki ile, yalikuwa yamebaki majaketi mawili.